Kwa Kaarel, Aliyemaliza Mchezo wa Fuko

Umeniandikia usiku wa manane, Kaarel,
kwamba umemaliza. Mafumbo yote mia na ishirini,
fuko ametoka ardhini, fataki zimelipuka,
na sasa chumba chako cha Annelinn kimya
kama friji iliyochomolewa.
Unauliza: ndiyo basi?

Basi gani. Ulichomaliza ni utangulizi.
Waliotengeneza mchezo walifunga duka zamani,
mmoja anauza madirisha, mwingine kahamia kwa wakwe;
lakini waliacha mlango wa nyuma bila komeo
na sisi wapenzi tukaingia na mawe yetu.
Sheria ni zilezile: fuko husukuma, havuti,
jiwe moja kwa mara moja,
na kila shimo lipate lake.

Usianze na Urmas.
Nasema hivi kwa kuwa kila mtu atakuambia uanze na Urmas.
Anza na Leelo, mfamasia wa Võru:
kifurushi chake kina mafumbo thelathini,
madogo kama vidonge vya watoto,
na kila moja huisha kabla chai haijapoa.
Utacheka kwenye la saba.
Kwenye la kumi na tisa utadhani umeshinda,
kisha utaona jiwe moja nyuma yako
limetulia kama mgeni asiyeaga.
Leelo hakuumizi. Anakufinya tu, uamke.

Baada ya hapo, haya, Urmas.
Miaka thelathini na minne alipanga mabehewa stesheni ya Tapa
na mafumbo yake yote ni reli:
njia nyembamba, kichochoro kimoja cha kupishania,
la nyuma lazima litangulie, la mbele lisubiri.
Kosa utalifanya hatua ya sita
na utaligundua hatua ya mia mbili na kumi.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema;
hapa yanazoleka, kuna kitufe cha kurudi,
ila utayazoa tone kwa tone mpaka alfajiri
ukimtukana mzee ambaye hujawahi kumwona.
(Mimi nimemwona. Ana mikono midogo.
Alinipa uyoga wa siki kwenye chupa ya jamu.)

Vifurushi vya yule kijana wa Narva, viruke.
Ana mafumbo mia nne, kompyuta ndiyo iliyomtungia;
mashimo yamejaa, mtu hayumo.
Watakuambia ni magumu. Ni magumu kweli,
kama mkate mweusi wa juzi.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua:
hivyo husema wenye haraka ya kuonekana werevu.
Mimi napenda fumbo
lililofumbwa na mtu aliyenifikiria,
aliyekaa mezani akijiuliza, hapa atasita?
hapa atageuka kushoto?
na jiwe akaliacha palepale, makusudi.

Kuna kimoja zaidi. Sikutaka kukitaja.
Kinaitwa Heldur, jina tu, hakina maelezo.
Mafumbo arobaini ni ya kawaida, mengine dhaifu,
nasema hivyo ingawa ni ya baba yangu.
La arobaini na moja aliliacha mwezi wa Februari,
theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya magari.
Mashimo tisa. Mawe manane.
Urmas anasema ni kosa, lirekebishwe.
Leelo ananyamaza.
Nililifungua mara nyingi kabla sijautambua ule ukuta
wenye kona mbili upande wa kulia, na lile pengo:
ni jiko letu. Pale friji, pale dirisha,
na mawe ni viti, siku ile ya watu wengi,
pamoja na ndoo tuliyoigeuza
ili Taavet naye apate pa kukaa.

Jumapili humtembeza fuko humo.
Hasukumi kitu. Anaizunguka meza.

Kipakue, Kaarel. Huenda akili yako mbichi
ikaona mahali ambapo yangu hurudi nyuma.
Ukilifumbua, usinitumie jibu.
Niambie tu ulianza na kiti kipi.